Kalsipotrioli, steroidi, au zote mbili: upake ipi kwenye ngozi yenye soriasisi?

Kiwiko cha kushoto nilikipaka kalsipotrioli, dawa ya jamii ya vitamini D; cha kulia steroidi, dawa ya kuzima uvimbe. Daktari wa ngozi ndiye aliyependekeza jaribio hilo, nadhani kwa kuchoshwa na maswali yangu. Mabaka yangu ya soriasisi yalikuwa yanalingana: mapana kama kiganja cha mtoto, mazito, yenye magamba meupe yanayobaki ndani ya mkono wa sweta kila unapoivua. Siku ya 5 kiwiko cha kulia kilikuwa kimelainika na mwasho umekwisha. Cha kushoto kilikuwa vilevile, tena kimeongeza mchonyoto. Nilikaribia kuitupa ile tyubu.

Wiki ya 8 hali iligeuka. Kulia nilikuwa nimeacha steroidi tangu wiki ya 3, kama nilivyoelekezwa, na baka lilikuwa limerudi karibu lote. Kushoto palikuwa na ngozi bapa, imekoza rangi kidogo kuliko ya pembeni, haina gamba hata moja. Najua viwiko viwili vya mtu mmoja si ushahidi wa kumpelekea mtu yeyote. Lakini vilinitia hamu ya kujua kwa nini dawa mbili zinazopakwa kwa ugonjwa mmoja ziende mwendo tofauti kiasi hicho.

Jibu fupi ni kwamba kazi zake hazifanani. Watu wengi huuliza ipi ni kali zaidi, na kwa swali hilo steroidi itashinda kila siku. Ukiuliza kila moja inaziambia nini seli za kinga zilizomo ndani ya ngozi, uchaguzi unabadilika.

Vitamini D ipi hasa?

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Vitamini D3 unayoimeza au unayoipata juani bado haijawa tayari kufanya kazi. Ini huibadilisha mara ya kwanza, figo mara ya pili, ndipo inakuwa kalsitrioli, ambayo ndiyo homoni yenyewe. (Seli za ngozi zinaweza kuzifanya hatua zote mbili pale pale zilipo, jambo ambalo ni viungo vichache mno vinaliweza.) Dawa za kupaka tunazozungumzia ni kalsitrioli yenyewe, au jamaa zake waliotengenezwa maabara: kalsipotrioli na takalsitoli. Losheni ya urembo iliyoandikwa kwamba ina vitamini D haimo kwenye ulinganisho huu, na vidonge vya vitamini D havichukui nafasi ya tyubu.

Vipimo vyake ni vidogo vya kushangaza. Gramu moja ya marhamu ya kalsipotrioli ina mikrogramu 50 za dawa, ya takalsitoli 4, na ya kalsitrioli 3. Kinachobaki ni mafuta ya kubebea tu.

Dawa hizi zilipatikana kwa njia ya kando. Mwaka 1985 madaktari wa Osaka, Japani, walieleza habari za mgonjwa aliyekuwa anatibiwa udhaifu wa mifupa kwa aina ya vitamini D ya kumeza, na soriasisi yake kali ikatulia. Kikwazo kilijulikana mapema: ukimeza homoni hiyo kwa wingi, kalsiamu hupanda kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia. Kampuni ya LEO ya Denmark ikaja na kalsipotrioli. Hiyo hushika kipokezi kilekile cha vitamini D kwa nguvu karibu sawa na kalsitrioli, ila ini huivunja upesi sana, kwa hiyo athari yake kwa kalsiamu ni ndogo mara 100 hadi 200. Marekani iliiruhusu mwaka 1993.

Kila moja inaziambia nini seli za kinga

Kwenye baka la soriasisi kuna mazungumzo yasiyokwisha. Seli za dendriti, ambazo ndizo walinzi wa ngozi, zinatoa interlukini 23, mojawapo ya jumbe za kemikali ambazo seli za kinga hupelekeana. Hiyo inazilea seli T, yaani askari wa kinga, zinazotoa interlukini 17. Interlukini 17 inaziambia seli za tabaka la juu zizaliane na ziite askari zaidi kutoka kwenye damu. Seli za juu zinaitikia, na kwa kuitikia kwake zinawachochea upya walinzi wa chini. Seli ya ngozi ambayo kwa kawaida huchukua kama mwezi mzima kupanda kutoka chini hadi juu na kudondoka, hapa hufika kwa siku chache, bado haijakomaa. Gamba unaloliona ni rundo la seli zilizofika kabla ya wakati.

Steroidi ikiingia hapo, huwanyamazisha karibu wote kwa mkupuo. Huzima jeni nyingi za uvimbe kwa wakati mmoja, mishipa midogo ya damu husinyaa, joto na mwasho hushuka. Ndiyo maana kiwiko changu cha kulia kilipata nafuu ndani ya siku 5. Lakini amri ya kunyamaza huwafikia hata wasiohusika. Seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, nazo hupunguza kazi, na ukiendelea kupaka bila mpango ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi, mishipa ya damu huonekana, na rangi hufifia. Kwenye ngozi nyeusi huko kufifia huonekana hata ukiwa mbali, na ndiko kunakowavutia watu wengine kuitumia steroidi kama krimu ya kujichubua, jambo ambalo ni hasara tupu. Halafu, wale walionyamazishwa hawajabadilika. Ukiondoa dawa, wanaendelea pale walipoachia.

Vitamini D hupita njia nyingine. Huingia hadi kwenye kiini cha seli, hukishika kipokezi chake, kipokezi hicho hushikana na mwenzake wa ukoo wa vitamini A, na wawili hao hukaa juu ya DNA wakiziwasha jeni fulani na kuzizima nyingine. Seli za tabaka la juu hupunguza kugawanyika na kuanza kukomaa kama inavyotakiwa. Seli za dendriti hubaki changa: hutoa kidogo zile interlukini za uchochezi, na hutoa zaidi interlukini 10, ambayo ni ya kupoza. Seli T zinazotoa interlukini 17 hupungua ndani ya baka, na seli T za udhibiti, zile zenye kazi ya kuwazuia wenzake wasipitilize, hupata nguvu. Mabadiliko haya yanahusu ni seli zipi zinazokaa mahali pale na zimelelewa vipi, kwa hiyo hayawezi kuonekana kesho asubuhi. Dalili za kwanza hujitokeza wiki ya 2 hivi, na matokeo yenyewe wiki ya 6 hadi ya 8. Anayeiacha wiki ya 3 hajaijaribu.

Hapa kuna fumbo ninalolipenda. Vitamini D huziamuru seli za ngozi kutengeneza katelisidini, protini ndogo inayoua bakteria. Ni sifa nzuri kwa kinga. Lakini kwenye soriasisi kipande cha protini hiyohiyo, kiitwacho LL-37, kimo katika orodha ya watuhumiwa: mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba hujifunga na DNA iliyovuja kutoka seli zilizokufa, na kinga ikaiona DNA ya mwili wenyewe kama ya mvamizi. Basi mbona dawa inayoongeza LL-37 inaponya? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2011. LL-37 ikiwa ndani ya seli ya ngozi hukizuia kitambuzi cha hatari kiitwacho AIM2 kisishike DNA iliyopotea njia, na hivyo uvimbe hauanzi. Protini moja, ikiwa nje ya seli inachochea, ikiwa ndani inatuliza. Vilevile kalsipotrioli hupunguza protini nyingine za ngozi, kama psoriasini, ambazo huwaita askari. Kwa hiyo anayesema vitamini D "hupandisha kinga" yuko sahihi nusu, na anayesema "huishusha" yuko sahihi nusu nyingine.

Mahali ambapo vitamini D huchochea

Hili ndilo ningependa lisomwe na yule anayetaka kuazima tyubu ya ndugu yake kwa kuwa "zote ni dawa za ngozi".

Mwaka 2006 kundi la mtafiti Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, lilipaka misombo ya vitamini D kwenye ngozi ya panya. Seli za ngozi zilitoa kwa wingi ujumbe uitwao TSLP, ambao huielekeza kinga upande wa mzio, na panya wakapata kitu kinachofanana kabisa na pumu ya ngozi (ekzema). Tangu hapo kalsipotrioli imekuwa chombo cha kawaida cha watafiti: wakitaka panya mwenye pumu ya ngozi, humpaka sikioni. Dozi ya panya si dozi ya binadamu, na ngozi yake si yetu. Hata hivyo inaeleza vizuri kwa nini dawa inayofaa soriasisi haipewi mwenye pumu ya ngozi, hata kama kwa macho mabaka yanaweza kufanana. Huyo steroidi inamfaa, au takrolimusi na pimekrolimusi, ambazo humzuia seli T asiamke na hazifanyi ngozi kuwa nyembamba.

Kisha wakaja watafiti wa Marekani na wazo la ujanja: kama vitamini D inaweza kuiita kinga, tuitumie kuiita mahali tunapoitaka. Kuna madoa makavu yenye kukwaruza yanayosababishwa na jua la miaka mingi, keratosi za jua, ambayo baadhi hugeuka saratani. Dawa yake ya siku nyingi ni fluorourasili, inayopakwa wiki 2 hadi 4 na kuichoma ngozi vibaya. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya watu 131: kundi moja lilipaka fluorourasili iliyochanganywa na kalsipotrioli mara 2 kwa siku, kwa siku 4 tu; kundi lingine fluorourasili na mafuta matupu. Usoni madoa yalipungua kwa wastani wa asilimia 87.8 kwa waliopata mchanganyiko, na asilimia 26.3 kwa wengine. TSLP ilipanda, seli T zikaingia, zikashambulia. Walipofuatiliwa, ndani ya miaka 3 saratani ya seli za juu za ngozi kwenye uso na kichwa iliwapata 2 kati ya 30 wa kundi la mchanganyiko, na 11 kati ya 40 wa kundi lingine. Idadi ni ndogo, lakini tofauti si ya kupuuza.

Dawa ileile, kwenye baka la soriasisi inatuliza na kwenye doa la jua inachochea. Steroidi haina sura hizo mbili. Yenyewe hunyamazisha tu popote uipakapo. Ndiyo sababu utambuzi wa ugonjwa unatangulia uchaguzi wa tyubu, na kwa vitamini D unatangulia zaidi.

Ndani ya ukoo wenyewe

Kalsipotrioli ndiyo iliyosomwa zaidi na ndiyo ningeanza nayo kwa mwili na viungo. Udhaifu wake ni mchonyoto, hasa usoni na kwenye mikunjo: makwapa, kinena, chini ya matiti. Mimi niliupata bila hata kuipaka dawa huko. Nilipaka viwiko usiku, nikasahau kunawa mikono, nikajisugua macho. Asubuhi kope zilikuwa zimevimba na kubanduka kama za mtu aliyelala karibu na moshi, na zilichukua siku 4 kutulia. Kwa ngozi nyeusi mchonyoto kama huo huweza kuacha kivuli cheusi kinachokaa miezi.

Kalsitrioli ni mpole zaidi kwenye sehemu hizo laini, kwa hiyo kama soriasisi iko usoni, nyuma ya masikio au kwenye mikunjo, na unataka vitamini D, hiyo ndiyo ya kuulizia. Takalsitoli hupakwa mara 1 kwa siku badala ya 2, nayo ni ya wasioweza kushika ratiba. Sioni la kuongeza.

Basi, ipi?

Kama una siku 10 kabla ya jambo fulani na kiwiko kinawasha hulali, chukua steroidi yenye nguvu inayofaa sehemu hiyo, kwa muda ulioandikiwa, kisha acha. Vitamini D haitakuokoa kwa siku 10. Zile steroidi kali kabisa kama klobetasoli zina kikomo cha wiki 2 mfululizo na gramu 50 kwa wiki, na usoni hazina nafasi.

Kama baka limekaa miaka na unajua litarudi, na ugonjwa si mwingi mwilini, vitamini D peke yake inaweza kubeba mzigo kwa miezi bila kuichakaza ngozi. Malipo yake ni uvumilivu na kupaka mara 2 kila siku, na nakiri hilo la mara 2 ndilo linalowashinda wengi.

Kwa watu wengi walio katikati, na mimi nimo, jibu ni zote mbili ndani ya tyubu moja: kalsipotrioli pamoja na betametasoni, ambayo ni steroidi, mara 1 kwa siku, kwa kawaida hadi wiki 4. Steroidi huleta nafuu ya mapema na huuzima ule mchonyoto wa kalsipotrioli. Kalsipotrioli nayo hufanya kazi ya polepole kwenye seli T, hivyo steroidi kidogo inatosha. Mtu anaweza kudhani atazichanganya mwenyewe kiganjani. Asifanye hivyo. Kalsipotrioli hudumu kwenye mazingira ya besi, betametasoni kwenye ya asidi kidogo, na ukizitia pamoja kwenye krimu ya kawaida yenye maji zinaharibiana. Marhamu ya kwanza ya pamoja ilibidi itengenezwe bila maji kabisa.

Baada ya baka kulainika kuna uamuzi mwingine: kusubiri lirudi, au kuendelea kupaka kidogo hata likiwa halionekani. Jaribio moja la wiki 52 lilitumia povu la mchanganyiko huo mara 2 kwa wiki kwenye ngozi iliyokwisha kupona, likilinganishwa na povu lisilo na dawa. Muda wa kati kabla ya ugonjwa kurudi ulikuwa siku 56 dhidi ya 30. Ukifikiria mazungumzo ya seli, inaeleweka: ngozi inayoonekana nzuri bado ina seli T zilizobaki zikisubiri. Mimi nafuata ratiba hiyo, Jumatatu na Alhamisi.

Kichwani penye nywele, marhamu ni adhabu. Omba jeli, povu au ya majimaji. Kwa waliochoshwa na pande zote mbili, Marekani iliruhusu mwaka 2022 krimu mbili zisizo steroidi wala vitamini D, tapinarofu na roflumilasti, ila hizo zinastahili ulinganisho wake.

Yanayoiharibu dawa bila wewe kujua

Asidi ya salisili, ile ya kulainisha magamba, huiua kalsipotrioli ikikutana nayo juu ya ngozi. Kuna watu wanaohangaika miezi wakisema dawa haifanyi kazi, kumbe wanaipaka juu ya mabaki ya asidi hiyo. Mionzi ya urujuanimno nayo huivunja, kwa hiyo kama unatibiwa kwa taa, paka baada ya taa, si kabla.

Kisha kiasi. Marhamu iliyotoka kwenye tyubu kwa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kwa hesabu hiyo viwiko vyangu havifikishi hata gramu 10 kwa wiki, na kikomo cha kalsipotrioli kwa mtu mzima ni gramu 100. Hatari ya kalsiamu kupanda huanza kwa wanaovuka kikomo hicho wakipaka karibu mwili mzima, na huwa kubwa zaidi kwa mwenye figo dhaifu, anayemeza kalsiamu na vitamini D nyingi, au anayetumia dawa za presha za jamii ya thiazaidi. Kiu isiyokwisha, kichefuchefu, kukosa choo na kukojoa kila mara ni sababu ya kuacha kupaka na kupimwa damu siku hiyohiyo. Mwenye mabaka yanayohitaji zaidi ya gramu 100 kwa wiki ameshavuka eneo la tyubu. Huyo azungumze na daktari wake kuhusu tiba ya taa, ya kumeza au ya sindano.